Kwa Nini Wakaren wa Bang Kloi Walipanda Tena Mlimani: Uchambuzi wa Kisa cha Kaya, Ardhi na Uhamaji

Mwezi Januari 2021, watu wa familia zaidi ya 30 za Wakaren, jamii ya wenyeji wa milimani, waliondoka Bang Kloi ya chini, kijiji kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kaeng Krachan katika mkoa wa Phetchaburi, magharibi mwa Thailandi, wakapanda mlima kwa miguu kuelekea Bang Kloi ya juu na Jai Phaendin, ambako wao wenyewe au wazazi wao walikuwa wakiishi kabla ya kuhamishwa mwaka 1996. Walikwenda kulima mpunga. Ilipofika Machi mwaka uleule walikuwa wameteremshwa kwa nguvu na maofisa wa serikali, na 22 kati yao walikuwa wametiwa gerezani.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama mgogoro wa serikali na wenyeji, na simulizi hiyo ni ya haki kabisa, kwa kuwa watu wamechomewa nyumba na mmoja wao amepoteza maisha. Hata hivyo, inaacha swali moja bila jibu. Kijiji hakikuhama chote. Kaya nyingine zilibaki bondeni, nyingine zilikuwa na vijana wao mjini wakifanya vibarua, na nyingine zilipanda mlimani pamoja na watoto wadogo na wazee. Amri ya serikali ilikuwa moja kwa wote, hivyo peke yake haiwezi kueleza tofauti hiyo. Ninavyoona mimi, tofauti hiyo inatokana na jinsi kaya ya Kikaren inavyokua na kugawanyika, na namna mpango wa 1996 wa kuwahamishia bondeni ulivyoipima ardhi kana kwamba kaya ni kitu kisichobadilika.

Hifadhi ya Kaeng Krachan ilitangazwa mwaka 1981. Ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,900, na hakuna hifadhi ya taifa iliyo kubwa kuliko hiyo nchini Thailandi. Upande wake wa magharibi unaishia kwenye safu ya milima ya Tenasserim, mpakani na Myanmar, na katika milima hiyo ndiko mto Phetchaburi unakoanzia. Wakaren walikuwako huko kabla ya hifadhi. Ramani ya kijeshi ya mwaka 1912 inaonyesha Jai Phaendin kama mahali penye makazi, na Ko-ee Mimi, mzee aliyekuja kujulikana nchi nzima kwa kuishtaki serikali, alizaliwa katika vyanzo hivyo vya mto mwaka 1911 hivi. Jambo hili lina uzito kwa sababu maofisa wamewahi kuwaita watu hawa wageni waliovuka mpaka. Ni kweli kwamba Wakaren wengi wapo Myanmar, na kwamba tangu 1984 maelfu kwa maelfu wamekimbilia Thailandi na kuishi katika kambi za mpakani. Hao ni watu wenye historia nyingine. Wakaren wa Bang Kloi ni wenyeji wa Thailandi, sehemu ya jamii iliyo kubwa kuliko jamii nyingine zote za milimani nchini humo, iliyotawanyika kuanzia Mae Hong Son na Chiang Mai kaskazini hadi Prachuap Khiri Khan kusini.

Ili kuelewa nani alihama na nani alibaki, inabidi kuanza na ndoa. Katika desturi ya Wakaren, kijana akioa huhamia ukweni. Huishi na kufanya kazi chini ya paa la wazazi wa mkewe, mara nyingi kwa mwaka mmoja au miwili ya kwanza, au hadi mdogo wake mke naye aolewe. Hapo wale wa kwanza huondoka na kujenga nyumba yao, kwa kawaida si mbali, ili kumpisha mkwe mpya. Mwisho wa mzunguko huo hubaki binti kitindamimba pamoja na mumewe. Yeye ndiye hurithi nyumba, na yeye ndiye huwatunza wazazi uzeeni. Kwa hiyo kaya ya Kikaren haikai na ukubwa mmoja. Hupanuka mkwe anapoingia, hupungua binti mkubwa anapotoka, hupanuka tena, na kila inapogawanyika huzaa kaya nyingine inayohitaji mahali pa kujenga na mahali pa kulima.

Mabadiliko haya huonekana hata kwa macho. Msichana ambaye hajaolewa huvaa gauni refu jeupe lililofumwa nyumbani. Siku anapoolewa huliacha kabisa na kuvaa blauzi nyeusi au ya rangi iliyokoza, iliyotiwa nakshi ya nyuzi na mbegu ndogo nyeupe ngumu zinazoshonwa moja moja, pamoja na sketi ya kufumwa. Mgeni anayeingia kijijini siku ya sherehe anaweza kuhesabu magauni meupe na kujua, kwa makadirio, ni nyumba ngapi mpya zitahitajika katika miaka kumi ijayo. Sijui kama kuna afisa wa hifadhi aliyewahi kuyatazama mavazi hayo kwa nia hiyo, lakini ni takwimu iliyo wazi mbele ya kila mtu.

Shamba nalo lilipangwa kulingana na kaya ya namna hiyo. Wakaren wa milimani hulima kwa mzunguko: kipande cha msitu hufyekwa, hukauka, huchomwa, hupandwa mpunga wa mlimani kwa msimu mmoja, kisha huachwa kipumzike kwa miaka saba, minane au hata kumi huku wakulima wakihamia kipande kingine na kingine, hadi watakaporudi pale pa kwanza na kukuta miti imeshaota tena. Wakati wa kupanda, wanaume hutangulia wakitoboa ardhi kwa mio mirefu, na wanawake hufuata wakidondosha mbegu katika kila tundu. Pamoja na mpunga hupandwa matango, maboga, pilipili, ufuta, kunde na mboga nyingine nyingi, kiasi kwamba mvuno wa shamba moja hulisha nyumba kwa mwaka mzima na si kwa wali peke yake. Kazi hiyo hutaka mikono ya jinsia zote mbili kwa wakati mmoja. Kaya yenye mikono michache hukopa mikono ya jirani, kisha hulipa kwa kwenda kupanda shambani kwake. Mkwe anayeingia nyumbani si mdomo tu wa kulisha; ni mwenye muo. Binti mkubwa anapoondoka na mumewe, familia hukubaliana ni vipande vipi vya mzunguko vitakuwa vyao, na kwa kuwa mzunguko ni mpana, daima kulikuwa na nafasi ya kugawana. Serikali ya Thailandi yenyewe imeutambua utaratibu huu: azimio la baraza la mawaziri la tarehe 3 Agosti 2010 lilitaka maisha ya Wakaren na kilimo chao cha mzunguko vilindwe, na mwaka 2013 kilimo hicho kiliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mwaka 1996 familia 57, jumla ya watu 391, ziliteremshwa kutoka mlimani hadi Bang Kloi ya chini, kando ya mto na karibu na kijiji cha Pong Luek. Ziliahidiwa rai 7 za shamba kwa kila familia, pamoja na kiwanja cha nyumba. Rai moja ni mita za mraba 1,600, hivyo rai 7 ni hekta moja na kidogo, yaani ekari zipatazo mbili na robo tatu. Msomaji wa Afrika Mashariki ataona kwamba hilo si shamba dogo kwa mkulima wa kawaida. Lakini tuifanye hesabu polepole, kwa kuwa kisa chote kimelala ndani yake.

Watu 391 ukiwagawa kwa familia 57 unapata karibu watu saba kwa familia. Mtu ambaye wali ndio mlo wake wa asubuhi, mchana na jioni anaweza kumaliza kilo 150 za mchele kwa mwaka au zaidi, hivyo familia ya watu saba inahitaji kilo 1,050 hivi. Mpunga ukikobolewa hupungua kwa zaidi ya theluthi moja, kwa hiyo ghalani panahitajika mpunga wa kilo 1,700. Mpunga wa mlimani, usio na umwagiliaji wala mbolea, huzaa kati ya tani moja na mbili kwa hekta. Tukichukua tani moja na nusu, familia hiyo inahitaji kupanda zaidi kidogo ya hekta moja kila mwaka. Hizo ndizo rai 7 zote. Maana yake ni kwamba shamba walilopewa lingetosha kama lingelimwa lote, kila mwaka, bila kupumzika hata mara moja, na bila mavuno kushuka. Lakini mpunga huo huzaa hivyo kwa sababu ardhi imepumzishwa na majivu ya miti iliyoota yamerudisha rutuba. Ukitaka kupumzisha ardhi kwa miaka saba, unahitaji vipande vinane, yaani rai 56. Ukizigawa zile rai 7 katika vipande vinane, kila mwaka utapata mpunga usiotosha hata kumlisha mtu mmoja.

Nimeifanya hesabu hiyo kwa kudhani kwamba ahadi ilitimizwa na kwamba ardhi ilikuwa nzuri. Wenyeji wamelalamika kwa miaka mingi kwamba baadhi yao hawakupata kabisa shamba waliloahidiwa, na kwamba ardhi waliyopewa ina mawe mengi na maji haba. Baadhi ya familia zilirudi mlimani muda si mrefu baada ya kuteremshwa, na ukiyasoma maelezo yao pamoja na hesabu hii, hutaona ukaidi wowote. Utaona watu waliopima chakula chao wakaona hakitoshi.

Kisha ikaja sehemu ya pili ya tatizo, ambayo ndiyo inayofanya kisa hiki kiwe cha kaya hasa. Mpango wa 1996 uliandika wakuu wa familia waliokuwapo siku ile. Haukuandika mabinti. Chukua nyumba yenye binti watatu na mvulana mmoja, ambayo ni nyumba ya kawaida kabisa. Mvulana ataoa na kwenda ukweni, na huko atakuta rai 7 nyingine ambazo tayari haziwatoshi wenyewe. Binti wa kwanza ataleta mume, watazaa, kisha watatoka kumpisha wa pili, ambaye naye atatoka kumpisha wa tatu. Kitindamimba atarithi nyumba na wazazi. Ndani ya miaka ishirini kaya moja imekuwa kaya tatu, zote juu ya zile rai 7, au mbili kati ya hizo tatu hazina shamba kabisa. Mlimani mgawanyiko huu ulikuwa ndiyo njia ya kijiji kukua. Bondeni uligeuka kuwa njia ya kuzalisha watu wasio na ardhi. Binti aliyezaliwa mwaka wa kuhamishwa alikuwa na miaka 24 au 25 mwaka 2021, umri ambao Mkaren wa kijijini mara nyingi ameshaolewa na ana mtoto. Ndiyo maana sishangai kwamba miongoni mwa waliopanda mlimani Januari ile walikuwamo watu waliosema kwamba hawakuwa na shamba lolote la kuliacha nyuma.

Kati ya 1996 na 2021 watu hao waliishi kwa kuuza nguvu zao. Uhamaji wa namna hii ni wa umbali mfupi na wa kwenda na kurudi: vibarua mashambani katika wilaya ileile, kazi za ujenzi na za huduma katika mji wa Phetchaburi na miji jirani, na kwa wachache kazi za Bangkok. Wanawake waliobaki walifuma nguo kwa ajili ya kuuza. Watoto waliotaka kuendelea na masomo baada ya shule ya kijijini waliteremka na kuishi bwenini, na wengi wa waliosoma hivyo walipata kazi huko huko. Kaya iliyokuwa na kijana mmoja mjini anayetuma fedha iliweza kununua mchele na kubaki bondeni. Kaya iliyokuwa na wazee, watoto wachanga na mama mmoja haikuwa na wa kumtuma. Hapa ndipo desturi ya binti kitindamimba inapokuwa na matokeo ambayo mtazamaji wa nje hayatarajii: yule anayerithi nyumba ndiye aliyefungwa nayo zaidi, kwa kuwa hawezi kuwaacha wazazi, ilhali dada zake wakubwa wana uhuru wa kuondoka lakini hawana urithi wa kurudia. Tungekuwa tunahesabu watu tu bila kujua nafasi ya kila mmoja katika uzao wake, tungesema kwamba wanawake wengine wa Bang Kloi wanapenda kuhama na wengine hawapendi.

Hati nazo zina nguvu kubwa. Wakaren wengi wa mpakani wamezaliwa Thailandi lakini hawana uraia, ama kwa sababu kuzaliwa kwao hakukusajiliwa, ama kwa sababu maombi yao yamekaa ofisini miaka mingi. Mtu wa namna hiyo hupewa kitambulisho cha mtu asiye na uraia, na kwa kawaida huhitaji kibali ili atoke nje ya eneo alikosajiliwa. Mwajiri wa mjini akijua hali hiyo humlipa kidogo, na akifika kwenye kizuizi cha barabarani bila kibali anaweza kukamatwa. Katika nyumba moja unaweza kumkuta kaka mwenye uraia na dada asiye nao, kutegemea nani alisajiliwa na lini. Kaka atakwenda kazini. Dada atabaki na kushinda mtoni akitafuta samaki. Mwezi Oktoba 2024 baraza la mawaziri liliidhinisha utaratibu wa kuharakisha uraia na ukaaji wa kudumu kwa watu wapatao 483,000 wa hali hiyo nchi nzima. Ukitekelezwa vizuri utabadilisha hesabu za kaya nyingi za milimani, na nadhani utaongeza safari za kwenda mjini kabla ya kuzipunguza.

Waliorudi mlimani baada ya 1996 hawakuachwa kwa amani. Mwezi Mei 2011 maofisa wa hifadhi walichoma nyumba na maghala ya mpunga yapatayo 98 katika operesheni iliyopewa jina la Tenasserim. Kuchoma ghala kunastahili kuangaliwa kwa makini. Nyumba ya mianzi na majani Wakaren huweza kuijenga upya kwa siku chache wakisaidiana na majirani. Ghala lina chakula cha mwaka na mbegu za mwaka unaofuata, mbegu ambazo kila kaya imezichagua na kuzitunza kwa vizazi. Kaya iliyounguliwa na ghala haiwezi kulima msimu ujao hata kama itarudi palepale. Ko-ee Mimi, aliyekuwa na takriban miaka 100, aliteremshwa wakati huo. Mwaka 2012 yeye na wenzake watano waliishtaki serikali. Mahakama ya Utawala ya Kati ilimpa kila mmoja fidia ya baht 10,000 (baht ni sarafu ya Thailandi) mwaka 2016. Mahakama Kuu ya Utawala ikaamua, mwezi Juni 2018, kwamba kuchoma nyumba kulikuwa kinyume cha sheria, ikapandisha fidia hadi baht 50,000 hivi kwa kila mmoja, lakini ikakataa kuwaruhusu warudi kwa kuwa hawakuwa na hati za ardhi. Kwa mshahara wa chini wa baht 300 kwa siku uliowekwa nchi nzima mwaka 2013, fidia hiyo ya mwisho ni sawa na siku 167 za kibarua. Mzee Ko-ee alifariki Oktoba 2018, akiwa na miaka 107, bila kurudi.

Mjukuu wake, Porlajee Rakchongcharoen, aliyeitwa Billy, alikuwa mjumbe wa baraza la kata na alikuwa akisaidia kuandaa kesi hiyo. Tarehe 17 Aprili 2014 alishikiliwa na maofisa wa hifadhi kwa kosa la kuwa na asali ya porini, na hakuonekana tena. Septemba 2019 wapelelezi wa serikali walitangaza kwamba kipande cha mfupa wake kilipatikana katika pipa la mafuta ndani ya bwawa la Kaeng Krachan. Mwezi Septemba 2023 mahakama iliwaachilia washtakiwa katika shtaka la mauaji, ikamtia hatiani aliyekuwa mkuu wa hifadhi kwa kukiuka wajibu wa kazi na kumhukumu kifungo cha miaka mitatu. Billy aliacha mke na watoto watano. Katika uchambuzi wa kaya jambo hilo lina maana ya moja kwa moja: nyumba hiyo ilimpoteza aliyeweza kusafiri, kusoma hati na kusema mbele ya maofisa, na vijana wengine walijifunza ni gharama gani huandamana na kazi hiyo. Nasema hivi nikijua kwamba kwa familia yake hilo halikuwa somo, lilikuwa msiba.

Tukirudi Januari 2021, sababu mbili zilikutana. Ya kwanza ni Uviko-19. Kazi za mijini zilipofungwa, vijana walirudi nyumbani, na kaya ambazo zilikuwa na midomo mitano bondeni na mikono miwili mjini ghafla zikawa na midomo saba bondeni na hakuna anayetuma fedha. Zile rai 7, ambazo mishahara ilikuwa imeficha upungufu wake kwa miaka, zikaonekana zilivyo. Wakati huohuo mikono ya kulima mlimani ilikuwa imerudi, na kilimo cha mzunguko kinaanza na ufyekaji wa Januari na Februari, ili miti ikauke kabla ya mvua. Msimu wenyewe ulikuwa unawaita. Sababu ya pili ilikuwa ibada. Kwa desturi yao, roho ya mzee Ko-ee ilistahili kufanyiwa ibada ya mwisho kwa mpunga uliolimwa katika shamba la mzunguko kwa mikono ya ndugu, na mchele wa dukani haukufaa. Wapo waliosoma sababu hii kama kisingizio. Mimi naiona kuwa na uzito sawa na ile ya kwanza, kwa kuwa mpunga uleule unaolisha kaya ndio unaoifunga na wafu wake, na familia iliyokaa bila kutimiza wajibu huo kwa zaidi ya miaka miwili ilikuwa na deni ambalo mshahara haulipi.

Serikali ilianza kwa mazungumzo, na Februari 2021 ilitia saini makubaliano na wenyeji pamoja na waliowaunga mkono. Muda si mrefu ikaanzisha operesheni ya kulinda vyanzo vya mto Phetchaburi. Tarehe 5 Machi watu zaidi ya 80, watoto wakiwamo, waliteremshwa, 22 wakapelekwa gerezani na kunyolewa nywele, kisha wakaachiliwa siku mbili baadaye kwa masharti. Julai mwaka huohuo msitu wa Kaeng Krachan uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO, ingawa wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wametoa tahadhari.

Hoja ya maofisa inastahili kusikilizwa. Mto Phetchaburi hulijaza bwawa la Kaeng Krachan, na bwawa hilo humwagilia mashamba ya watu wengi wa tambarare. Anayelinda vyanzo vyake analinda chakula cha wengine. Tatizo ni kwamba hoja hiyo huchukulia kila shamba lililofyekwa kama msitu uliopotea milele, ilhali katika mzunguko wa vipande vinane, saba daima viko katika hatua fulani ya kurudi kuwa msitu. Ukiwalazimisha watu walime kipande kimoja kila mwaka, ndipo unapopata udongo uliochoka, mmomonyoko na, mwishowe, dawa za kilimo kando ya mto uleule unaoulinda.

Kuna Wakaren wengine ambao hali yao inatusaidia kupima hoja hii. Katika mabonde kadhaa ya Chiang Mai na Mae Hong Son, kaya zina majaruba ya mpunga yanayomwagiliwa pamoja na mashamba ya mlimani. Jaruba huzaa kila mwaka bila kupumzishwa, hivyo watoto wanaweza kugawana bila mzunguko kuvunjika mara moja. Hin Lad Nai, huko Chiang Rai, ni mfano unaojulikana zaidi. Jamii hiyo iliruhusiwa kuendelea na mzunguko wake, ikaongeza chai ya msituni na asali, na baadhi ya vijana wake waliokwenda mjini wamerudi kuishi kwa kazi hizo. Uhamaji upo huko pia, lakini kijana anayekwenda mjini anajua kuna shamba la kurudia, na safari yake ni ya kuchagua. Desturi ya ndoa inafanana na ya Bang Kloi. Kinachotofautiana ni kwamba ardhi imeruhusiwa kupanuka na kusinyaa pamoja na kaya.

Sheria ya Hifadhi za Taifa ya mwaka 2019 sasa inaruhusu watu waliomo ndani ya hifadhi kusajiliwa na kupewa haki ya kutumia ardhi isiyozidi rai 20 kwa familia, kwa muda usiozidi miaka 20, na jamii nyingi za milimani zimeandamana kuupinga mpango huo. Rai 20 ni karibu mara tatu ya ahadi ya 1996, lakini ziko mbali na rai 56 tulizozipata, na muda wa miaka 20 ndio hasa unaotosha kaya moja kuwa tatu. Watakaokwenda Bang Kloi kupima wangefanya vema waulize, katika kila nyumba, kuna mabinti wangapi na wana umri gani, nani ana uraia na nani hana, nani yuko mjini na kwa kazi gani, na wazee wanatunzwa na nani. Majibu hayo yanapatikana kwa jioni moja ya mazungumzo kwenye kila baraza, na yangeonyesha mapema ni kaya zipi zitakuwa hazina pa kulima kabla kibali hakijafika hata nusu ya muda wake.